Swali Nililomjibia Mama

Kwetu Buna, mavi ya ngamia ni mazungumzo ya heshima. Mama yangu aliyapindua kwa fimbo akakuambia mnyama kala nini, ana minyoo au hana, na kama ataiona wiki ijayo. Tulimsikiliza huku tukinywa chai, na hakuna aliyekunja pua. Lakini choo cha binadamu hakikutajwa, sembuse choo cha mama mbele ya mwanawe wa kiume.

Alipoanza kukonda na kushikwa na msokoto wa tumbo, nilimpeleka kwa daktari Wajir. Mama alijua Kisomali tu, daktari Kiswahili, na mimi, karani wa serikali na tai yangu shingoni, nikawa mkalimani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka daktari aliposema, "Muulize choo chake kikoje. Kimebadilika? Kina damu?"

Mama alikuwa ananitazama, akisubiri nimtafsirie. Niliona aibu. "Ni kawaida, daktari," nikajibu mwenyewe, harakaharaka.

"Anauliza nini?" mama akasema.

"Anauliza kama unakula vizuri."

Tulirudi na dawa za vidonda vya tumbo. Mpumbavu mimi, njiani nilijipongeza kwa adabu yangu.

Miezi minane baadaye tumbo lilifura na choo kikafunga kabisa. Tukakimbilia Garissa. Huko muuguzi mmoja, mwanamke wa kwetu, alinitoa nje akavuta pazia. Nilimsikia akiuliza kwa Kisomali, na mama akijibu bila kusita: damu, tangu kabla ya mvua za mwaka jana, choo chembamba kama kidole, uchovu usioisha. Nilisimama pale masikio yakiniwaka.

Walimpasua, wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Kipande kilichopelekwa maabara kilikuwa na saratani, nayo ilikwishafika kwenye ini. Daktari alieleza kwamba ingegunduliwa mapema, wangeikata na huenda angepona. Hakujua anazungumza na nani.

Wakamwekea mfuko ubavuni wa kupokea choo. Niliumwaga na kuuosha kwa mikono yangu kila siku, na ile aibu yangu sijui ilikwenda wapi. Ilichelewa kwenda.

Siku moja baada ya swala ya alasiri nilishindwa kuvumilia. "Hooyo," nilimwita, kama tunavyowaita mama zetu, "daktari wa Wajir aliuliza habari ya damu. Nikakujibia."

Akanishika mkono. "Hata ungeniuliza, mwanangu, ningekuambia hakuna."

Alifariki wiki hiyohiyo. Ndugu zangu wananiambia nilishike neno lake, nijisamehe. Nimejaribu, wallahi. Lakini nilimsikia kule Garissa. Aliulizwa mara moja tu, akasema yote.