Sheria ya Lorna Hintz ya Mkono Uliovunjika

Lorna Hintz alikuwa muuguzi wa chumba cha dharura hapa mjini Sheboygan kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu hakutaka kufuma soksi. Alishika kiti cha msimuliaji katika mchezo wetu wa Jumapili, ule wa dadu za pande ishirini, ambapo kila mchezaji anamwendesha shujaa wake kwa maneno, msimuliaji anaendesha majitu, na namba kubwa ya dadu ndiyo bahati. Tunacheza jikoni kwake baada ya ibada, soseji zikiwa bado moto.

Jambo moja lilimkera. Katika kitabu cha sheria, mtu akipigwa shoka hupunguziwa pointi za uhai tu, kisha anaendelea kupigana kana kwamba kaumwa na mbu.

"Nimewapokea majeruhi wa nusu ya wilaya hii," alisema. "Sijaona hata mmoja aliyevunjika mkono akavuta upinde."

Akaandika sheria zake, kurasa nne. Kila jeraha likapewa jina na kile linachokunyima. Ukipigwa katikati ya tendo, tendo linakatika, isipokuwa dadu ikuokoe. Na ukitaka, unaacha zamu yako ipite ukivizia, ukiwa umeshataja tendo la adui utakalolikatiza.

Dale, mume wa dada yake, dereva wa lori, alikuwa na shujaa mpiga mishale.

"Shemeji, huu ni mchezo au hospitali?"

"Hospitali. Na mgonjwa wa kwanza ni wewe."

Kweli. Darajani, jitu lilimtandika rungu kabla mshale haujatoka. Dale akarusha dadu: nne. Mshale ukapotea, mkono ukavunjika. Akaisukuma sahani.

"Sasa mimi ni pambo! Bora nikalale kwenye lori."

"Una mkono mmoja na miguu miwili," Lorna alisema bila kuinua macho. "Kuna waliotoka kiwandani na pungufu ya hapo, wakajiendeshea gari mpaka mlangoni kwangu."

Jitu likanigeukia mimi. Mchawi wangu alikuwa katikati ya kuita moto. Pigo moja tu, na moto ungezimika. Dale akakuna ndevu.

"Navizia. Likiinua rungu, navuta kamba ya daraja kwa mkono mzima."

"Limeinua."

Dadu ikagonga chupa ya haradali, ikatulia: kumi na tisa. Ubao ukachomoka, jitu likaanguka, rungu halikunifikia. Lorna akapitisha kidole kwenye ukurasa wake.

"Kifundo cha mguu kimeteguka. Halikimbii tena." Akanitazama. "Wewe hukuguswa. Maliza moto wako."

Nikaumaliza. Dale alikuwa amesimama, anapiga meza.

"Mkono mmoja! Mmoja!"

"Tumeona, shemeji. Keti, utamwaga kahawa."

Siku hizi Dale husafiri na nakala ya zile kurasa, na hupiga simu kutoka Iowa kulalamika kwamba adhabu ya kupigwa kichwani ni ndogo mno. Juzi Lorna alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali, akaufuta mstari mzima na kuandika mwingine palepale, simu ikiwa imebanwa begani.