Aurore na Ruta Zinazosalimiana

Saa mbili asubuhi, mvua inapiga mabati ya hospitali moja ya Nyalukemba, mjini Bukavu. Aurore Bulonza, fundi wa mtandao, anachomoa waya wa antena inayoelekea Nyangezi. Makusudi! Kwenye skrini, muuguzi Françoise wa kituo cha uzazi cha Nyangezi anaendelea kuongea na daktari kana kwamba hakuna lililotokea.

“Unaona? Françoise hajajua kitu,” Aurore anacheka.

Hospitali na kituo vimeunganishwa kwa njia mbili: antena na setilaiti. Ruta, mashine zinazoelekeza mawasiliano, zinasalimiana mara kadhaa kila sekunde. Salamu zikikosa jibu, mawasiliano yanahamia setilaiti papo hapo. Zamani ruta zilisubiri karibu dakika nzima, na mama anayetokwa damu hana dakika ya kusubiri.

Kwa Aurore kazi hii ni kidonda. Vita vya 1998 vilipoanza, baba yake, Papa Aloys, alikuwa akiendesha fonie, redio ya mawasiliano ya parokia. Upande wa Luhwindja, alikokuwa mke wake, mama yake Aurore, ukanyamaza.

“Papa alikuwa anaita, anaita,” Aurore anasimulia. “Watu wakasema batri imeisha, watajibu kesho. Wakati tulijua, maman alikuwa amekwisha kuzikwa.”

Ndiyo maana mwanzoni alizinyima ruta zake subira kabisa. Salamu moja ikipotelea kwenye mvua, tayari ruta inatangaza msiba. Inahamia setilaiti, inarudi, inahama tena. Simu zikakatika zaidi kuliko zamani. Dokta Modeste wa hospitali akachoka, akataka mpango wa zamani urudishwe.

Papa Aloys ndiye aliyemkalisha bintiye chini. “Mutoto wangu, mutu akikohoa, haina maana amekufa. Umuite tena mbele ya kuanza kumulilia.”

Aurore akaanza upya. Msimu mzima wa mvua alikaa na mitambo hiyo, akiiongezea subira kidogo kidogo, mpaka ikajua kutofautisha mvua na kifo. Kwa mtu mwenye kidonda kama chake, huo ni moyo wa ajabu.

Sasa anataka kuifikisha antena Luhwindja. Mpaka leo bado kuna vita na barabara haina usalama, lakini kilima cha kusimamisha mnara ameshakichagua.

Papa Aloys ana ombi moja tu. “Siku Luhwindja itajibu, uniite. Ni mimi nitawasalimia wa kwanza.”