Kitalu Kiko Kisogoni

Mtakaosoma, mnivumilie. Niliishia darasa la saba, r na l hunichanganya mpaka leo, na herufi zangu zimelala kila upande. Lakini jambo hili nikilisema kwa mdomo nalia, kwa hiyo naliandika, polepole.

Nimepoteza nywele za mbele. Kutoka sikio hadi sikio imebaki ngozi tupu inayong'aa. Sikuugua. Nilisukwa. Tangu nikiwa mdogo kule Ulyankulu, kila kwaya yetu ilipokuwa na sikukuu nilivutwa nywele mpaka nikashindwa kufumba macho. Nikilia, napigwa kichwani kwa kitana: "Tulia! Unataka kupendeza au hutaki?" Leo walewale walionivuta wananiita babu kipara. Shangazi yangu mmoja anasema nimelogwa. Hakuna hata mmoja aliyesema, tulikukaza mno.

Mwaka huu nilisikia redioni kwamba nywele zinaweza kupandikizwa. Nikamwambia baba huku nimeangalia chini. Baba analima tumbaku. Neno kupandikiza halikumshtua, ni kazi yake ya kila msimu, kutoa miche kitaluni na kuihamishia shambani. Akasema, "Twende tukaulize."

Tulikwenda hospitali moja mjini, daktari wa ngozi alikuwa amekuja kwa siku chache. Mbele yetu mapokezi palikuwa na mwanaume mwenye upara, naye kafuata hilohilo. Akaambiwa, "Karibu bosi, kaa hapo." Ikafika zamu yetu.

"Shikamoo mzee. Binti anasumbuliwa na nini?" kijana wa mapokezi aliuliza.

"Marahaba. Tunataka kujua habari za kupandikiza nywele."

"Zako, mzee?"

"Za huyu."

Akacheka. "Hayo mambo ya wanaume, mzee. Mwanamke ana wigi, ana kilemba, anahangaika nini?" Akanigeukia. "Mdogo wangu, jifunge kitambaa chako, utaolewa tu."

Benchi zima likacheka, na yule mwenye upara pia. Nikamvuta baba shati tuondoke.

"Sikuja kutafuta mkwe," baba akamwambia. "Andika jina."

Daktari alikuwa mama wa makamo. Nilipovua kitambaa hakushangaa. Baba hakungoja, akauliza, "Kitalu chake kiko wapi?"

Muuguzi aliyesimama mlangoni akaangua kicheko. Daktari hakucheka. Alinigeuza kichwa, akaweka kidole kisogoni. "Hapa, mzee. Nywele za hapa zina nguvu. Tunazitoa mojamoja, hapa na pale, tunazihamishia mbele. Hata wanawake wanafanyiwa."

"Na kule zinakotoka?"

"Hazioti tena. Ndiyo maana hatuchukui nyingi mahali pamoja."

"Na udongo wa mbele utazishika?"

"Hilo bado silijui," daktari akasema. Ngozi iliyovutwa miaka mingi huweka makovu, na penye kovu nywele inaweza kugoma. Nikiendelea kusukwa kwa kukazwa, hata zilizopandikizwa zitang'oka. Akanipa dawa ya kupaka, akasema nisisukwe kwa mwaka mzima, kisha atanipima tena. Kama nafaa, nitafanyiwa Dar es Salaam.

Baba hakusoma hata kufikia nilipofika mimi, lakini aliuliza yote yaliyofaa kuulizwa. Waliosoma walicheka.

Tulipotoka, kijana wa mapokezi akaniita, "Vipi, umepewa wigi?" Nikakaza kitambaa changu, nikampita. Mpaka sasa nina hasira naye, na hasira na mimi niliyempita. Kwa nini mwanaume akitaka nywele ni bosi, nami nikitaka zangu zilizong'olewa na watu wazima, nachekwa?

Mwaka wenyewe haujaisha. Kila asubuhi napapasa pale mbele, na sijui kama patakubali. Simjui mwanamke hata mmoja aliyefanyiwa. Kama wewe umefanyiwa, niandikie. Ziliota? Uliumia kiasi gani? Na kama ziligoma, tafadhali niandikie hilo pia, usinifiche.