Bawabu na Mgeni wa Namba Arobaini na Moja

Saa kumi alasiri watu wanateremka ngazi za jengo la ofisi la ghorofa nne. Kila anayefika mlangoni anaweka kipande cha shaba chenye namba, alichopewa alipoingia, kwenye kiganja cha mama mwembamba aliyevaa koti la kijivu. Mama huyo anamtazama mtu usoni kwanza, kisha anakitundika kipande kwenye msumari wake ubaoni.

Misumari ni sitini. Isipojaa yote, yeye haendi nyumbani.

Wenzake wanamwita Mama Komeo. Ana miaka hamsini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia mlangoni hapo. Mshahara wake, anasema, ukishatoa kodi ya vyumba viwili na nauli, "unabaki wa kusalimiana tu."

Mkataba wake unamtaja kuwa mlinzi. Neno hilo alilikata kwa kalamu, akaandika juu yake: bawabu.

"Kamusi itakwambia bawabu ni mngoja mlango, basi," anasema. "Lakini mlinzi analinda mali. Vijana wa getini wakizuia mwizi wamemaliza kazi. Mimi nimekabidhiwa watu. Nikiingiza hamsini, nitoe hamsini. Baba mkwe wangu alikuwa bawabu, ndivyo alivyonifundisha."

Zamani walimcheka. Waliacha mwaka juzi.

Ilikuwa Ijumaa. Msumari wa arobaini na moja ulibaki mtupu. Kipande hicho alikuwa amepewa mwalimu mstaafu, aliyekuja kutafuta jalada la kiwanja chake. Mama Komeo alimuuliza karani wa masijala.

"Ah, Mama, ameshaondoka nacho. Wazee husahau."

"Hakupita kwangu."

"Basi karuka dirishani."

Watu wakacheka. Naye, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, akafunga mlango huku mtu mmoja hajulikani alipo.

"Hilo ndilo linaloniuma," anasema. "Nilijua, na nikafunga."

Nyumbani binti yake alimsihi alale, akalala macho. Jumamosi saa sita mchana alirudi, na kijana wa getini akamfungulia shingo upande.

Jengo tupu mchana, anasema, lina ukimya wake. Alipita ghorofa moja baada ya nyingine akiita, "Mwalimu!" Sauti yake ikamrudia nzito kidogo, kama ya mtu mwingine. Mwisho akateremka ngazi kumi na nne hadi chumba cha majalada ya zamani, ambacho mlango wake ukibamizwa hujifunga, na kwa ndani haufunguki. Akagonga.

Akagongewa kutoka ndani.

Alipofungua, mwalimu alikuwa ameketi sakafuni, midomo imepasuka. Karani alikuwa amemwacha humo, akamsahau. Mama Komeo alimnywesha maji kidogo kidogo.

"Ahsante, dada yangu, kwa kukaa nami," mwalimu alisema.

"Nimefika sasa hivi tu, kaka."

"Hapana. Uko hapo mlangoni tangu jana jioni. Kila nilipokata tamaa uligonga, ukasema, 'Bawabu yupo.'"

Kijana wa getini anaapa hakuna aliyeingia usiku ule. Ufunguo wa kufuli la mlango wa jengo alikuwa nao yeye, shingoni. Binti naye anasema mama yake hakutoka nje hata mara moja. Mwalimu, ambaye alipona, bado hajabadili neno.

"Njaa na giza humsemesha mtu," anasema karani. Hata hivyo, siku hizi hateremki huko peke yake.

Mama Komeo amebakiza miaka miwili astaafu. Ameandika barua akiomba mlango ule ung'olewe kabisa, na ameahidiwa kazi hiyo itafanyika kabla ya mwaka kwisha. Mpaka hapo, kila alasiri anateremka, anagonga mara tatu, anasubiri.

"Sijajibiwa bado," anasema.

Na siku akijibiwa?

Anafunga vifungo vya koti lake.

"Nitafungua. Aliyekaa na mgeni wangu nilipomwacha, nitamfungiaje?"