Kanisa la Msonge

Harufu ya popo na nyasi kuukuu ndiyo iliyokupokea ukiingia kanisa la zamani kijijini kwa bibi yangu, upande wa Kongwa. Lilikuwa msonge mkubwa wa duara, ukuta wa mawe na udongo, na hakuna aliyekuwa hai aliyeliona likijengwa. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ilipoanza kufika hata minadani kwetu, mama alikuwa karani mjini Dodoma, na kila likizo tulikwenda kwa bibi. Ugonjwa wa trakoma ulikuwa umempofusha bibi macho yote mawili. Nyumbani tulimshika mkono hata kwenda chooni, jambo alilolichukia mno. Kanisani hakushikwa na mtu. Alipitisha kiganja ukutani kuanzia mlangoni, akazunguka taratibu, akapita madirisha, na alipogusa jiwe fulani lililotokeza, alikaa. Alipenda kujigamba kwamba ukuta usio na pembe haumpotezi mtu.

Likizo moja tulikuta mabati yamerundikwa uwanjani. Wafadhili walikuwa wameyaleta, na bati halikubali duara, basi wazee wa kanisa wakaamua msonge ubomolewe, lijengwe la pembe nne. Bibi alimtuma mama akawasihi, maana mama ni msomi wa mjini. Mzee mmoja wa kanisa alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, lile paa linatuvujia kila mvua," alisema. "Turudishe mabati kwa ajili ya mtu mmoja?"

Mama aliaga, akarudi kwa bibi. Wahenga walisema mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda, lakini hapa hata mwenye nguvu hakuwa mbaya. Walipobomoa, bibi alikaa kigodani nje ya nyumba yake ya tembe akisikiliza sururu, na chai hakuigusa.

Krismasi iliyofuata tulimwongoza hadi benchi la katikati ya kanisa jipya. Wimbo ulipoanza alisimama, akapapasa huku na huku asipate ukuta, akageuka, akaimba kwa ile sauti yake nzito, ameipa madhabahu mgongo. Watoto walicheka. Mama alimshika mabega akamgeuza polepole, na bibi akanyamaza katikati ya ubeti.

"Nirudisheni nyumbani," alisema. Hakuingia tena humo mpaka tulipompeleka kwa ibada ya maziko yake.

Siku hizi kanisa lina umeme na vigae. Majuzi mwanafunzi mmoja kutoka chuo kikuu cha Chimwaga, pale Dodoma, anayetafiti majengo ya kale, aliniuliza kwa uchungu kwa nini hatukulitunza lile la msonge. Nilimwambia lilikuwa linavuja. Aliandika hivyo, akafunga daftari.