Mwendo wa Saa Tisa Hadi kwa Mwanawe

Saa mbili kasorobo asubuhi. Abiria wa mwisho anashuka ngazi, na wanawake sita wenye fulana za kung'aa wanapanda. Wana dakika thelathini na tano tu kuisafisha ndege nzima. Anayeshika safu za nyuma, wenzake humwita Mama Dakika, anakunja mablanketi, anaokota maganda ya karanga, anapangusa meza.

"Ndege hii imetoka kwa mwanangu," anasema bila kuinua kichwa.

Jina hilo hakupewa bure. Mtajie mji anaoishi binti yake, atakujibu papo hapo: kilomita elfu saba na mia mbili, kwenda ni mwendo wa saa tisa, kurudi saa nane na dakika ishirini. Rubani mmoja alimweleza kuwa tofauti hiyo inaletwa na upepo wa huko juu.

"Hata upepo unataka watu warudi makwao," anasema na kucheka. "Ila wangu umeshindwa kumrudisha."

Huu ni mwaka wake wa kumi na mmoja wa kusafisha ndege, na hajawahi kuruka na hata moja. Binti huyo, kifungua mimba wake, ana miaka sita ughaibuni, akifanya kazi ya kumtunza bibi mmoja mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake.

Mwaka jana ilibaki kidogo wakumbatiane. Bibi alikuwa akipelekwa kwa wanawe nchi nyingine, binti akimsindikiza, nao wangesubiri ndege ya pili hapa kwa saa tatu. Mama Dakika akaomba ruhusa kazini, akashona gauni jipya.

Ndege ikachelewa. Saa tatu zikageuka dakika arobaini, na bibi yuko kwenye kiti cha magurudumu. Binti hakuweza kutoka, mama hakuruhusiwa kuingia ukumbi wa abiria. Akavua gauni, akavaa sare, akakimbilia kwenye lami zinapoegeshwa ndege, ambako kitambulisho chake kilimfikisha.

Wakaonana kupitia kioo cha ukumbi, binti juu, mama chini, simu masikioni.

"Mama, umekonda!"

"Wewe je? Umenenepa kwa niaba yangu."

Wakacheka.

"Nilimwona anafuta machozi, nikajifanya naangalia ndoo," anasimulia. "Nikamuuliza alikaa kiti gani kwenye ndege iliyomleta. Akaniambia thelathini na nne, upande wa njia. Nilipopanda kusafisha, nikakikalia. Msimamizi akanikuta pale. Alichukua kitambaa mkononi mwangu, akaendelea na safu yangu."

Viza alinyimwa mara mbili. Mwezi uliopita, akapewa. Tiketi ni mshahara wake wa miezi saba, na imebaki miwili kuitimiza. Likizo yake ikifika, atapanda kama abiria.

Namuuliza, je, atachagua kiti cha dirishani, aone mawingu?

"Mawingu ya nini, mwanangu?" anauliza, akifunga mfuko wa taka. "Nipe kiti cha mbele kabisa, karibu na mlango. Nataka niwe wa kwanza kushuka."