Siku Niliyomwacha Mama Mkwe Mtaroni

Jamani, mpaka leo nikipita pale kwenye kinu cha pamba hapa Bariadi, akina mama wanaochambua pamba wananiuliza, "Baba, leo umebeba nani?" na mimi nainamisha kichwa napita.

Mama mkwe wangu ni nesi mstaafu, miguu yake haifanyi kazi tangu utotoni, ila ulimi unafanya kazi ya miguu na mikono (namsifu, msinielewe vibaya). Tangu uzoaji taka ulipopewa mzabuni, ada ilikuwa moja kwa wote, mwenye duka na mstaafu, na yeye alipogoma mgambo wakaja wakachukua redio yake, ambayo ndiyo mwenzake wa kuongea naye siku nzima. Likatoka tangazo la kikao cha malalamiko ofisi ya kata: asiyefika, mali yake inauzwa. Siku hiyo hiyo tairi la baiskeli yake ya magurudumu matatu likapasuka, na mke wangu yuko msibani Mkula.

Nikaamua nimvute kwa mkokoteni. Sasa kwetu Wasukuma mkwe hatazamwi usoni wala haguswi, kwa hiyo majirani wakampakia, wakamkalisha kwenye mkeka, mimi nikashika mikono ya mkokoteni macho mbele kama ng'ombe wa jembe, sigeuki ng'o. Penye mtaro wa kinu tukaruka kidogo, nikasikia kelele nyuma, "We baba! We baba!" nikajua wananisifia mimi mkwe wa kiume, mkwilima gani huyu mwema, nikaongeza mwendo, na mkokoteni ukawa mwepesi mpaka nikajisemea kumbe bado nina nguvu zangu.

Nikafika jasho linatiririka, watu wamejaa mlangoni, nikatangaza, "Waheshimiwa, mama yetu nimemleta!"

Mtendaji wa kata akachungulia. "Yuko wapi?"

Nikageuka. Mtupu! Hata mkeka haupo! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Kabla sijakimbia kumtafuta, ikaingia baiskeli ya abiria, mama mkwe kakaa nyuma, vumbi mpaka kwenye kope, mzima kabisa. Mtendaji akaamuru abebwe apandishwe ngazi.

"Thubutu!" akasema. "Tangu asubuhi napakiwa na kumwagwa kama gunia la pamba, inatosha. Sheria ya watu wenye ulemavu inasema ofisi ya umma nifike mwenyewe. Hapa mmeweka ngazi. Basi kikao kitoke nje."

Na kikatoka, jamani! Wajumbe wazima na suti zao wakabeba viti wenyewe mpaka juani.

"Taka zangu ni maganda ya viazi," akawaambia, "na mbuzi anayamaliza kabla mzoaji wenu hajaamka. Mnanitoza taka za nani?"

Wastaafu wakapiga makofi, mtendaji akakuna kichwa, wakajadiliana weee, mwisho wakakubali wastaafu wasio na biashara wasidaiwe tena. Redio ikaletwa. Nilimwonea fahari mpaka nikasahau aibu yangu, kwa dakika chache tu, maana bado kulikuwa na safari ya kurudi.

Akapakiwa, redio mapajani inaimba, akasema akiangalia pembeni, "Mwambieni mkwilima anisukume. Asinivute."

Tangu siku hiyo sivuti, nasukuma. Uso wake siuoni, heshima iko palepale, ila kisogo chake sikiondolei macho.